Barua ya wazi kwa wasimamizi wa mradi wa roboti za nyumbani: tuliomba mikono, mkatuletea mdomo

Lubumbashi, mwezi wa 8

Kwa: Waheshimiwa wasimamizi wa mradi wa roboti za kusaidia wazee na watu wenye ulemavu nyumbani, Lubumbashi

Nakala: wakubwa wa jimbo wanaoshughulika na mambo ya kijamii, wakuu wa komini, familia zote zilizoandikishwa katika mradi

Yahusu: posho ya wasaidizi iliyokatwa, roboti tulizopewa, na tunachodai

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Barua zilizotangulia hii zililetwa ofisini kwenu kwa mkono, zikapigwa muhuri wa kupokelewa, na toka hapo hata karani wenu hajui zilikokwenda. Mwanangu alipokuja kuuliza aliambiwa mkubwa yuko kwenye mkutano. Aliporudi, mkutano ulikuwa haujaisha. Ndiyo maana leo ninaandika mlango ukiwa wazi, kila mtu asome.

Mimi ni baba wa familia, naishi komini ya Katuba, hapa Lubumbashi. Nilikuwa fundi umeme wa migodini hadi siku niliyoanguka kutoka kwenye ngazi ya chuma, nikaumia uti wa mgongo. Kutoka kiunoni kwenda chini mwili wangu hausikii kitu. Jina langu liko kwenye orodha yenu, na roboti mliyonipa iko mezani karibu na redio, imefunikwa kitambaa ili vumbi lisiingie.

Niseme mapema kwamba mimi si mpinzani wa roboti. Katika avenyu yetu nzima sidhani kama yuko anayezitamani kuliko mimi, na sababu yangu ni ya aibu kidogo, lakini bila kuisema hamtanielewa. Mtu asiyehisi mwili wake hawezi kulala upande mmoja usiku kucha. Lazima ageuzwe, kila baada ya saa mbili hivi, la sivyo ngozi inakufa mgongoni na matakoni, na kidonda cha namna ile kinaweza kufika mfupani na kumwua mtu. Lazima pia aoshwe, apelekwe chooni, abadilishiwe nguo. Mke wangu alishafariki. Mwanangu anafanya kazi Kolwezi, anarudi mwisho wa wiki. Anayebaki nami ni mkamwana.

Ninyi ni watu wa hapa, sihitaji kuwafundisha. Mkamwana haoni uchi wa baba mkwe. Huyu wangu anauona kwa sababu hakuna mwingine. Anageuza uso, anafanya haraka, na asubuhi tunasalimiana kama watu ambao usiku hawakukutana. Ni mtoto mwema na sijui nimshukuru kwa maneno gani. Lakini chombo cha kuninyanyua na kunigeuza kingeturudishia heshima sisi wote wawili. Chuma hakina ukwe na mtu.

Kwa hiyo watu wenu walipopita kutangaza kwamba roboti za msaada zinakuja, nilitia sahihi kabla hawajamaliza kueleza. Ikaja ile yenye uso wa kioo, inayozungusha kichwa na kuniuliza kwa Kifaransa kama nimeamka vizuri.

Haya ndiyo tunayolalamikia, mimi na familia za jirani zilizoniomba niandike.

1. Posho ya wasaidizi ilikatwa.

Kabla ya roboti, mradi ulikuwa unawapa wasaidizi wa nyumbani posho ndogo kila mwisho wa mwezi. Haikuwa mshahara. Ilikuwa franka za sabuni, za makala (mkaa), za basi la kwenda hospitali, na kwa wasichana wawili watatu ninaowajua ilikuwa pesa ya shule. Mwezi zilipofika mashine, posho ikakoma. Tuliambiwa kwa mdomo kwamba bajeti imehamishiwa kwenye teknolojia. Hakuna karatasi iliyoletwa, hakuna aliyeitwa kwenye kikao.

Waheshimiwa, roboti yenu haijabeba ndoo hata moja ya maji. Haijafua shuka. Mtu aliyekuwa akifanya hayo kwa posho bado anayafanya, ila sasa bure. Msichana mmoja wa mtaa wetu aliyekuwa akimtunza bibi yake alisimamishwa masomo kwa sababu ya deni, na roboti iko palepale chumbani inamkumbusha bibi kunywa dawa ambayo hakuna aliyeinunua. Jambo hili nimelitanguliza kwa makusudi: kama barua yangu itapata jibu kwa neno moja tu, nawaomba liwe hili.

2. Mlileta mashine ya kuzungumza mahali ambapo mazungumzo hayapungui.

Hapa naomba muda wenu, maana nadhani ndipo mambo yalipopindia.

Roboti za nyumbani si za aina moja. Ziko za kukaa na mtu. Paro, yenye umbo la mtoto wa sili mwenye manyoya meupe, ilibuniwa Japani na mtafiti Takanori Shibata. Mzee aliyepoteza kumbukumbu anaipakata, anaipapasa, anatulia. ElliQ, iliyotengenezwa Israeli, inakaa mezani na kumsemesha mtu, inamkumbusha dawa na maji. Mwaka 2022 jimbo la New York lilianza kuzigawa, zaidi ya 800, kwa wazee wanaokaa peke yao. Sizidharau mashine hizo. Mtu anayeamka, anakula na kulala siku nzima bila kusikia sauti ya binadamu, hata sauti ya kifaa inaweza kumtoa kitandani.

Lakini Katuba? Katika parseli yetu, yaani kiwanja chetu, kuna wapangaji, kuna watoto, kuna jirani anayekuja kuomba chumvi na kukaa hadi bukari (ugali) iive. Muuza makala anapiga kelele mlangoni, mchungaji anapita Alhamisi, na redio ya nyumba ya pili haizimwi. Ziko siku natamani kimya nisikipate. Sisemi wazee wetu hawajui upweke. Wapo wanaofungiwa chumba cha nyuma, wengine wakiitwa wachawi na watoto waliowazaa wenyewe. Hao hawataponywa na kioo kinachowaimbia. Wanahitaji mtu wa serikali au wa kanisa agonge mlango na kuuliza kwa nini umefungwa. Hilo ni jambo la barua nyingine.

Ziko roboti za kuleta na kuokota. Toyota ilionyesha yake, HSR, mwaka 2012. Stretch, ya kampuni ya Hello Robot ya Marekani, ilitoka mwaka 2020: ni nguzo iliyosimama juu ya magurudumu, ina mkono mmoja mwembamba unaorefuka, na uzito wake ni kilo 23 hivi. Kuna Mmarekani wa California aitwaye Henry Evans. Mwaka 2002, akiwa na miaka 40, alipata kiharusi kwenye shina la ubongo, akabaki hawezi kusema wala kuinua mkono. Kuanzia mwaka 2011 alifanya kazi na watafiti waliomletea roboti kubwa iitwayo PR2, akawa anaiongoza kwa mwendo mdogo wa kichwa mbele ya kompyuta. Moja ya kazi za kwanza alizoifanyisha ilikuwa kumkuna usoni. Kwa asiyewahi kulala na mwasho puani akingoja mtu arudi sokoni, habari hiyo ni ndogo. Mimi mikono yangu ni mizima. Lakini katika avenyu ya pili kuna kijana aliyeanguka kutoka kwenye mti wa embe akavunjika shingo, na nilipomsimulia habari za Evans aliniomba nirudie tangu mwanzo. Kijana huyo mlimpa roboti kama yangu. Inamwimbia.

Na ziko za kunyanyua, ambazo ndizo tulizoomba. Hapa nitasema kweli hata kama inanipunguzia hoja: roboti ya kumbeba mtu toka kitandani, inayouzwa na kufanya kazi yenyewe katika nyumba kama zetu, mimi sijaiona. Taasisi ya RIKEN ya Japani ilionyesha Robear mwaka 2015, yenye uso wa dubu na uzito wa kilo 140, inayoweza kumtoa mtu kitandani na kumweka kwenye kiti. Ilibaki ya maabara. Basi sidai kisichopatikana. Ila kati ya Robear na mikono mitupu ya mkamwana kuna chombo cha zamani kinachotumika hospitalini na majumbani duniani kote: winchi ya mgonjwa. Ni fremu ya chuma yenye magurudumu, mkono unaopanda kwa pampu ya mafuta au kwa mota ndogo ya betri, na kitambaa imara cha kumfunga mtu. Msaidizi mmoja, hata mwembamba, anaweza kumhamisha mtu mzito bila kuvunjika mgongo, na mtu huyo anaweza kubaki amevaa. Haina uso, wala haiulizi habari za asubuhi. Kuna na vitanda vya mota vinavyomlaza mtu upande kwa kubonyeza kidude.

Watu wenu walipokuja na maswali yao kwenye tableti waliniuliza kama huwa najisikia mpweke, mara ngapi kwa wiki, na kama ningependa rafiki wa kidijitali. Hakuna aliyeuliza usiku wangu unapitaje. Niliwaambia hata hivyo. Kijana aliyekuwa akiandika alisema sehemu ya kuandika hilo haipo kwenye fomu.

3. Lugha.

Roboti inasema Kifaransa na Kiingereza. Jirani yetu, Mama mmoja mwenye umri mkubwa, anasema Kiswahili chetu cha hapa, Kiluba, na Kibemba kidogo cha sokoni. Wiki ya kwanza alikuwa akiwaita watu: “Hii kintu inasemaka nini?” Aliiomba mayi (maji), ikamjibu kwa Kifaransa kwamba haikuelewa, arudie polepole. Akarudia polepole. Ikajibu vilevile. Sasa anaifunika usiku kwa sababu anaiogopa.

Kwenye vipeperushi vyenu mmeandika kwamba mtu akianguka atapiga kelele na roboti itaita msaada. Anayeanguka bafuni hapigi kelele kwa Kifaransa.

4. Umeme, mega, na seva za mbali.

Hili ni la kazi yangu, mtanivumilia.

Laini ya Inga–Kolwezi, karibu kilometa 1,700, ilijengwa kuleta umeme wa mto Kongo hadi kwenye shaba ya Katanga, na hadi leo mgodi ndio unaotangulia. Mtaa unangoja zamu. Mnaijua delestaji, ule mkato wa umeme wa zamu, hata ofisini kwenu nimesikia jenereta. Umeme unapokatika, betri ya roboti inaisha baada ya saa chache. Unaporudi, mara nyingi unarudi kwa kishindo, volti zikiwa juu, na chaja ndiyo inayokufa kwanza. Mashine zililetwa bila kifaa cha kutuliza umeme, bila paneli ya jua, bila hata chaja ya akiba. Nimeifungua ya kwangu (ndiyo, niliifungua, na kuifunga tena vizuri). Ndani yake hakuna kinga inayostahili umeme wetu.

Kinachonisikitisha ni kwamba nchi hii hii ilishawahi kufikiri vizuri zaidi. Roboti za kuongoza magari zilizowekwa Kinshasa kuanzia mwaka 2013, kazi ya mhandisi Thérèse Izay na wenzake, zilitengenezwa na paneli za jua juu yake. Waliozichora walijua zitasimama wapi.

Halafu kuna intaneti. Bila mtandao roboti yenu haisikii wala haijibu, maana akili yake iko kwenye seva za mbali. Nani ananunua mega, yaani bando la intaneti? Mwezi wa kwanza mlinunua ninyi. Toka hapo ni sisi, na kati ya mega na mkaa wa kupikia sombe mnajua kinachoshinda. Na siku mwenye seva akifunga duka? Roboti iitwayo Jibo ilianza kufika majumbani Marekani mwaka 2017, watu wakaizoea kama mtu wa nyumbani. Mwaka 2019 yenyewe ikawatangazia wenye nyumba, kwa sauti yake, kwamba seva zake zitazimwa. Desemba 2024 kampuni ya Embodied ilitangaza kwamba inafunga, na Moxie, roboti ya watoto iliyouzwa dola 799, ikawa hatarini kunyamaza. Huko ni Marekani, ambako mnunuzi anaweza kwenda mahakamani. Sisi tutakwenda wapi?

5. Nyumba zetu.

Nitasema kwa ufupi kwa sababu mngeona kwa macho kama mngefika. Choo na bafu viko nyuma ya parseli. Kizingiti cha mlango kina kimo cha tofali. Uwanja ni udongo mwekundu, na mvua zikianza mwezi wa 11 unakuwa tope. Zile roboti chache mlizogawa zenye magurudumu zilitengenezewa sakafu ya vigae. Moja ilikwama kizingitini siku ya makabidhiano, mbele ya wapiga picha, ikabebwa na vijana wawili hadi ndani.

6. Kamera.

Roboti ina jicho linaloona chumba changu, na mkamwana akiwa humo katika kazi niliyoieleza. Picha zinakwenda wapi? Nani anaziangalia? Tuliwekewa karatasi ya Kifaransa yenye kurasa nyingi, na wazee wasiojua kusoma wakaweka kidole gumba. Nchi yetu ina Kodi ya Kidijitali (kitabu cha sheria, si ushuru), ya tarehe 13 Machi 2023, inayolinda habari binafsi za mtu. Kidole gumba cha mtu asiyeelewa alichowekea sicho ridhaa inayotakiwa.

Msiseme nina wasiwasi wa bure. Mwishoni mwa 2022 ilifichuliwa kwamba picha zilizopigwa ndani ya nyumba na roboti za majaribio za kufagia za Roomba, moja ikiwa ya mwanamke aliyeketi chooni, zilivuja hadi Facebook kupitia vibarua wa Venezuela walioajiriwa kuzichambua. Wale walikuwa wametia sahihi mkataba. Mimi yangu nimeifunika kitambaa. Vumbi ni nusu tu ya sababu.

Najua mtakayojibu, kwa sababu baadhi yake nimeyasikia kupitia madirishani mwenu.

Mtasema ni majaribio tu, tuwe na subira. Majaribio ni jambo jema, nami nimefanya mengi kazini. Lakini anayejaribu mashine anaandika inachofanya, anaandika inapokwama, na anaikubali ripoti hata ikiwa mbaya. Toka roboti zigawiwe, aliyerudi nyumbani kwangu ni mpiga picha peke yake.

Mtasema mfadhili ndiye aliyechagua. Inawezekana. Basi tupeni jina la aliyesaini orodha ya mahitaji upande wetu, maana mfadhili hakuota kwamba wazee wa Katuba hawana wa kuzungumza naye. Kuna mtu alimwambia.

Mtasema hata Japani, nchi iliyoendelea, inatumia roboti kutunza wazee. Kweli, na serikali yake imeweka pesa nyingi humo. Lakini Japani hiyohiyo imefungulia milango wauguzi na watunzaji toka Indonesia mwaka 2008, toka Ufilipino mwaka 2009, toka Vietnam mwaka 2014, na mwaka 2019 ikaongeza visa nyingine ambayo kazi ya kutunza wazee imo ndani yake. Waliotengeneza Paro na Robear bado wanatafuta mikono ya watu ng'ambo ya bahari, na wanailipa. Ninyi mmekata ile mliyokuwa nayo hapa hapa.

Mtasema pesa hakuna. Hapo nitawajibu kama mtu wa migodi. Betri nyingi za lithiamu zina kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa katika majimbo ya Lualaba na Haut-Katanga. Sheria ya Madini iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018 inatenga asilimia 25 ya mrabaha kwa jimbo na asilimia 15 kwa eneo la ngazi ya chini ambako mgodi upo, na juu ya hiyo makampuni yanatakiwa kutoa asilimia 0.3 ya mauzo kwa maendeleo ya wakaaji wa jirani. Sidai kwamba pesa hiyo yote ije kunigeuza mimi kitandani. Nasema neno “hakuna” lina mipaka yake katika mji huu, na kwamba wakubwa wa jimbo, ambao nakala hii inawafikia, wanaweza kusaidia palipopungua.

Na wengine watasema, kwa sauti ya chini, kwamba tuliopewa bure hatuna haki ya kuchagua. Hao nawakumbusha kifungu cha 49 cha Katiba: mzee na mtu mwenye ulemavu wana haki ya hatua maalumu za ulinzi kulingana na mahitaji yao ya mwili, ya akili na ya kimaadili. Mahitaji yao, imeandikwa. Na sheria ya kulinda haki za watu wenye ulemavu, namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022, haikuandikwa ili ikae kwenye gazeti la serikali.

Tunachodai ni hiki:

Kwanza, posho ya wasaidizi irudishwe, pamoja na ya miezi iliyopita. Ikishindikana yote kwa pamoja, ilipwe kidogo kidogo, lakini tarehe iandikwe.

Pili, kamera zizimwe katika kila nyumba hadi karatasi ya ridhaa isomwe kwa sauti, kwa Kiswahili, mbele ya mtu ambaye familia yenyewe imemchagua. Asiyetaka roboti airudishe bila kufutwa kwenye orodha ya mradi.

Tatu, ununuzi wa roboti za kuzungumza usimame. Pesa iliyobaki inunue winchi za wagonjwa na vitanda vya kugeuza, tukianza na wale wenye vidonda tayari. Na kama kuagiza ni ghali, hapa Lubumbashi wapo mafundi wa kuchomelea wanaotengeneza fremu za malori. Winchi ya pampu haiwezi kuwashinda. Nimechora ramani yake, na nitawapa bure. Sharti langu ni moja: ipimwe kwa kufuata ISO 10535, kanuni ya kimataifa ya winchi za wagonjwa, na kwa mzigo unaozidi uzito wa mtu yeyote atakayepanda. Sitaki jirani yangu aangushwe na chuma nilichokichora mimi.

Nne, kijana wa avenyu ya pili, na wengine ambao mikono yao haifanyi kazi, wapewe nafasi ya kujaribu roboti yenye mkono, hata kama ni moja tu kwa mji mzima na inazunguka kwa zamu. Bei ya Stretch inazidi dola 20,000. Ni pesa nyingi. Piga hesabu mmetumia kiasi gani kwa zile za kuimba, halafu tuzungumze.

Tano, kila mashine itakayoletwa kuanzia sasa ije na kinga ya umeme, na njia ya kuichaji wakati wa delestaji, na fundi wa hapa aliyefundishwa kuitengeneza. Mimi naweza kuwafundisha vijana upande wa umeme. Kukaa nakaa, kichwa kinafanya kazi.

Sita, kamati ya mradi iwe na watu wanaolala kwenye hivyo vitanda na watu wanaowageuza. Wasiwe wa kupigwa picha. Wawe na kura.

Njooni Katuba mtujibu, mapema, kabla mvua hazijaanza, kwa sababu baada ya hapo gari lenu halitafika kwetu. Mahali pa kikao tutatafuta wenyewe, na viti tutaazima kanisani. Kama hamwezi kuja, leteni jibu kwa maandishi, na kwa Kiswahili, ili nilisome mbele ya majirani bila kulazimika kutafsiri. Likiwa la ndiyo au la hapana, tutalibandika ukutani lilivyo.

Aksanti kwa muda wenu, na pokeeni heshima zangu.

Fundi umeme wa zamani, mkaaji wa Katuba,
kwa niaba yake na ya familia za jirani zilizoandikishwa katika mradi.

(Majina na sahihi zetu ziko kwenye nakala iliyoletwa ofisini. Safari hii karani alituandikia namba ya kupokelewa, nasi tumeihifadhi.)